Kamba ya Mama Mkwe

Septemba 1

Mimi, Ciril Odar wa Stara Fužina, ni mtu mwenye bahati kuliko wote katika bonde hili la Bohinj, na naliandika hilo bila kuona haya. Nimepanda Triglav, mlima mrefu kuliko yote Slovenia, mara saba, na mara zote saba nimekuta mbingu imetakata kama sahani iliyooshwa. Wenzangu hupanda mlima ule wakakuta ukungu, wakarudi na picha za ukungu. Mimi nikifika juu, mawingu yanapisha. Nimeendesha lori miaka thelathini, kutoka hapa mpaka Istanbul, kutoka Istanbul mpaka Tehran, nimekunywa chai na askari wa mipaka ya nchi ambazo leo hazipo hata kwenye ramani, na sijapasukiwa tairi mvuani hata siku moja. Kijijini wananiita Bahati. Hawakosei.

Daftari hili nilipewa zawadi na wauza matairi zamani hizo. Mke wangu Majda kanitafutia na kalamu. "Andika, Ciril," kasema. "Labda ukiandika utanyamaza." Shule niliiacha mapema, kwa hiyo atakayesoma humu asinisumbue na nukta na mkato.

Kilichonifanya niandike ni mama mkwe. Mama Terezija ana miaka sabini na tatu, anakaa chumba cha nyuma, na macho yake yanakufa kuanzia katikati. Kando bado anaona. Akitaka kukuona uso, lazima atazame sikio lako. Wageni hudhani anawadharau. Wakati mwingine ni kweli anawadharau. Daktari wa Ljubljana kasema theluji ikiyeyuka mwakani, hata hicho cha kando kitakuwa kimekwenda.

Jana tumekaa mezani tunakula ugali wetu wa ngano nyeusi na maziwa mgando, Mama akaweka kijiko chini.

"Nataka kupanda Triglav kabla vibanda vya kulala wapandaji havijafungwa."

Majda akakohoa mpaka nikampiga mgongoni.

"Miaka arobaini nimekaa malishoni Velo Polje kila kiangazi nakamua ng'ombe," Mama akaendelea, "na mlima ule uko juu ya kichwa changu unanitazama. Nataka na mimi nikae pale juu, nione ulikuwa unaona nini. Nikishaona, haya macho yaende yanakotaka."

Majda akasema haiwezekani. Kumbe Mama alikwisha kuwapigia simu wanawe wa kiume kule Kranj, wakakataa. Kapigia waongozaji wawili, wakakataa. Basi akageuza uso kuelekea sikio langu.

"Wewe, dereva. Umepanda mara saba. Nipeleke."

Nikasema ndiyo hata ugali sijaumeza.

Septemba 2

Mvua.

Septemba 3

Mvua. Majda haongei na mimi, anaongea na sufuria.

Septemba 4

Leo baa nzima inajua. Nimeingia tu, Gašper akasimama kanivulia kofia. Huyu Gašper ni wa kikosi cha kuokoa watu mlimani, mrefu, mkavu, hacheki mpaka apate sababu. Leo kapata.

"Jamani, mpisheni Bahati. Ndiye mwanamume pekee nchi hii atakayemchapa mama mkwe wake na watu wakampigia makofi."

Baa ikaanguka kwa kicheko. Maana sisi huku tuna jambo letu: mtu asiyepanda Triglav hatumhesabu kuwa Mslovenia kamili, na anayefika kileleni mara ya kwanza huchapwa kamba makalioni na aliyempeleka. Waziri akija, anachapwa. Padri akija, anachapwa. Hakuna aliyewahi kufikiria habari ya mama mkwe.

"Nitamchapa kwa heshima," nikasema.

"Kwa heshima ndiyo vipi? Utabisha hodi kwanza?"

Wakacheka tena. Halafu Gašper akanitazama kwa jicho moja. "Ebu niambie, Bahati. Ule mnara mdogo wa bati pale kileleni, mlango wake unatazama wapi?"

"Mimi nikifika juu natazama dunia," nikamjibu. "Milango nawaachia maseremala."

Nikaagizia watu pombe ya matunda ya porini, nikatoka mapema.

Septemba 5

Nimenunua ramani. Ile ya zamani imechakaa. Naisomea chooni, maana ndiko kwenye mwanga mzuri.

Septemba 8

Tumejaribu jana. Radio ilisema jua.

Tukaacha gari msituni, tukapanda na njia ya maziwa. Velo Polje kwenyewe ndiko njia fupi, lakini Mama hataki kupita pale wakati wa kupanda. "Nataka kufika kwangu nikitokea juu," kasema. Basi tukapitia malisho ya Dedno Polje, ambako dada yake Rozka alikuwa akikamua enzi zile. Mama akasimama mbele ya kibanda cha marehemu, akakipiga ukuta kofi moja kama mtu anayemwamsha jirani, tukaendelea.

Kabla ya Ziwa Pacha ukungu ukatushukia. Mawe yote yakawa jiwe moja. Nikamwongoza Mama kulia, njia ikaisha kwenye ukingo, na chini ya ukingo hakuna kitu, weupe tu. Nikakaa chini. Magoti yalikaa yenyewe.

"Mara zote saba ulipita hapa?" Mama akauliza.

"Njia imebadilika, Mama."

"Siku hizi milima inahama."

Tukarudi nyuma kwa kufuata alama nyekundu za duara, mimi naziona, yeye kashika mkanda wa begi langu. Tukafika kibanda cha Ziwa Pacha radi inapiga. Asubuhi bado inanyesha, tukashuka. Kutwa nzima Mama hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo limenikera kuliko mvua. Mtu akilowa mpaka kwenye soksi alalamike, ili na mwenzake apate nafasi.

Septemba 10

Mvua. Majda kasema: "Mama hana macho, wewe huna magoti. Mmepatana kweli."

Septemba 11

Mvua. Najua njia yote sasa. Naijua kwa kichwa. Yaani nimejikumbusha.

Septemba 14

Wingu limefunguka dakika chache adhuhuri tukauona mlima. Mweupe mpaka mabegani. Theluji, mwezi wa tisa! Nimeizomea radio mpaka Majda kaizima. Nazunguka jikoni, natoka nje, naangalia juu, narudi ndani. Paka kanihama, kaenda kulala kwa jirani.

Septemba 17

Asubuhi nimetoka kumwaga majivu nikaona kitu kwenye kichanja chetu cha kukaushia majani ya ng'ombe. Ni Mama. Kajifunga kamba ya nguo kiunoni, kapanda mbao zile hadi juu, na macho kayafumba.

Nikamwendea taratibu nisimshtue. "Mama, fumbua macho basi, utaanguka."

"Nafanya mazoezi."

"Huko mlimani macho utakuwa nayo."

"Si mazoezi ya mlima haya," akasema. "Ya mwakani."

Akashuka mwenyewe, mguu mmoja unatafuta mbao, unaipata, wa pili unafuata. Nilikuwa nimezoea kumwona huyu mama kama pilipili iliyowekwa kwenye kiti. Leo nimemfuata mpaka mlangoni, ndoo ya majivu mkononi, na sikupata utani wa kusema. Mimi! Majda kanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Septemba 18

Mvua.

Septemba 20

Sherehe ya Ng'ombe. Wameshushwa kutoka malishoni mapema kwa sababu ya theluji, wamevishwa maua kwenye pembe na kengele kubwa shingoni, bonde zima linalia kama kanisa lililopagawa. Watu wanakula soseji, wanacheza. Mama alikaa kwenye benchi akazitambua kengele kwa sauti, anataja ng'ombe wa nani anapita.

Nikamfuata Gašper. Nikamwomba twende wote. Nilimwomba vizuri, hata kofia nilivua.

"Hapana," akasema. "Kiangazi hiki nimeshusha watu wa kutosha kwa machela. Mwanamke wa miaka sabini na tatu asiyeona mbele, kwenye ukingo ule, na theluji? Hapana, Ciril. Na wewe usiende."

"Mimi nimepanda mara..."

"Wewe unajua kitu kimoja tu. Kuongea."

Nilitaka kumpiga. Halafu nilitaka kumwambia jambo. Sikufanya lolote kati ya hayo, nilikula soseji yake iliyokuwa imebaki kwenye sahani nikaondoka.

Nyumbani Mama akaniuliza: "Amekataa?"

"Amesema atafikiria."

"Amekataa," Mama akasema, akaenda kulala na viatu vya mlimani viko chini ya kitanda, vimepakwa mafuta.

Septemba 22

Mvua. Kibanda cha Dolič, cha mwisho kabla ya kilele, kinafungwa mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ni mwakani, na mwakani Mama hana.

Septemba 23

Mvua.

Septemba 25

Radio inasema siku mbili za jua. Radio ile ile. Theluji imeyeyuka upande wa kusini.

Jioni tukasikia hodi. Gašper, na kamba begani, na kofia ngumu tatu mkononi zinagongana kama sufuria.

"Sikuja kwa ajili yako," akaniambia. Akamgeukia Mama. "Shikamoo, Mama Terezija. Nimeona afadhali nije na nyinyi kwa miguu kuliko nije kuwachukua kwa helikopta."

"Marahaba. Umechelewa," Mama akasema. "Kula."

Majda alimpakulia jibini letu lile linalonuka, akampa kipande kikubwa kuliko changu. Baadaye nikamkuta ukumbini anajaza begi langu, analia, anakunja soksi zangu, analia. Akasema: "Ukimwangusha mama yangu usirudi. Na wewe ukianguka nitakuua."

Septemba 26

Tuko kibanda cha Ziwa Pacha. Jua! Bahati yangu hiyo, nimewaambia wote mezani. Gašper kasema bahati iandike kwa penseli.

Septemba 27, Dolič

Leo maziwa. Niseme ukweli, nimeona Bosfori, nimeona bahari ya Kaspi, lakini Ziwa la Figo lilinifunga mdomo. Ni refu, limejikunja kama figo kweli, bluu mpaka unafikiri mtu kalitia dawa, na kando yake mawe meupe hayana hata jani. Chini ya kibanda misonobari imeanza kushika rangi ya kutu, lakini kule juu hakuna mti, hakuna ndege, upepo tu.

Mama alisimama ukingoni, akageuza uso kabisa, akawa analitegea ziwa sikio.

"Liko wapi?"

"Mbele yako, Mama."

"Najua liko mbele. Niacheni nilitazame kwa pembeni." Akasogeza kichwa kidogo. "Lina rangi ya bakuli la mama yangu. Lile lililovunjika."

Gašper kamshikia kikombe cha chai muda wote huo. Yule mtu mkavu. Halafu tukapita Ziwa la Kijani, ambalo ni dogo, na Mama kasema hilo hata ng'ombe wake asingelinywa. Tukapanda uwanda wa mawe usioisha. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikahema kama lori la kwanza nililopewa. Mbuzi-mwitu mmoja alikaa juu ya jabali akitutazama tunavyopita, anatafuna.

Jioni mawingu yamerudi. Nimetoka mara nne kuyaangalia. Gašper kasema: "Kaa, Ciril. Ukiyatazama hayaondoki." Kesho ni kilele.

Septemba 28, jioni, Velo Polje



Tuliondoka kumepambazuka, ukungu umeganda kwenye kila jiwe. Gašper mbele, Mama katikati, mimi nyuma, kamba moja. Mahali pa mwisho pamefungwa nyaya za chuma na vyuma vya kukanyagia, unashika, unavuta, unapanda. Mama alipanda vile vile kama kwenye kichanja chetu, mguu unatafuta, unapata. Gašper anamwambia: "Kulia, Mama, chini kidogo, hapo hapo." Mimi nilitazama visigino vyake tu. Visigino vile ningeviweka kwenye fremu. Pande zote mbili palikuwa na weupe, na kwa mara ya kwanza maishani niliushukuru ukungu, maana ulificha shimo.

Ghafla hakukuwa na pa kupanda tena. Bati baridi. Mnara.

Ukungu. Hakuna Austria, hakuna bahari, hakuna chochote. Mama akakaa kwenye jiwe, mikono kwenye magoti.

"Tumefika?"

"Tumefika, Mama."

"Unaona nini, dereva?"

Nikafungua mdomo kumpa bonde lote, na paa la kibanda chake, na moshi, maana maneno ninayo, ningemchorea mpaka Venisi. Nikamtazama anavyosubiri, uso kauelekeza kwenye sikio langu. Nikasema: "Ukungu, Mama. Hakuna kitu."

"Basi tungoje," akasema.

Tukangoja. Nilizunguka ule mnara mara sijui ngapi. Baridi imeingia kwenye meno. Gašper alikuwa ananitazama.

"Umeuona mlango sasa?" akauliza, taratibu, Mama asisikie.

Nikazunguka tena.

Halafu chini yetu ukungu ukatoboka. Tundu tu, kama kitambaa kilichounguzwa na pasi, na ndani ya tundu, mbali sana, kijani.

"Mama! Pale! Velo Polje! Fuata mkono wangu!"

Akanishika begani, akauteremka mkono wangu wote kwa vidole mpaka kwenye kidole cha mwisho. Halafu akageuza uso, akautazama upande wa pili kabisa, kama mtu aliyekasirika. Nikataka kupiga kelele, si huko! Nikakumbuka.

"Kijani," akasema. "Kadogo."

"Ndiyo, Mama."

"Vibanda sioni."

"Hata mimi naviona kwa shida."

Kisha akaupigapiga mlima chini yake kwa kiganja, kama unavyompiga ng'ombe shingoni.

"Kumbe wewe huoni kitu! Miaka arobaini nimeona haya kuchuchumaa nyuma ya kibanda kwa sababu yako!"

Gašper akacheka mpaka akashika mnara. Na mimi nikacheka, na Mama akacheka, machozi yanatoka katika macho yale yasiyoona, na tundu likafumba.

Gašper akafungua kamba, akanikabidhi ncha. "Haya, Bahati. Mila ni mila."

Mama akainama, kashika mnara. "Piga vizuri. Nisije nikaambiwa nimepanda nusu."

Nikapiga. Nilipiga kama mtu anayekung'uta mto.

"Huyo ni nzi," Mama akasema. "Nimesema piga."

Nikapiga, Mungu anisamehe. Akanyooka, akapangusa sketi, akanyoosha mkono akaichukua kamba.

"Sasa geuka wewe."

"Mimi? Mama, mimi nimepanda mara..."

"Kijiji chetu kina njia mbili za kuja huku. Moja inapita mlangoni kwangu, Velo Polje. Nyingine ilikuwa inapita mlangoni kwa Rozka. Hakuna mwanamume aliyepita bila kuomba maziwa mgando, na hakuna aliyepita kwa Rozka nisisikie. Wewe hujapita."

"Nilipandia upande wa pili, Mama. Upande wa Vrata."

"Mara saba?"

"Mara... nyingine."

"Na lini hiyo? Majda ni binti yangu, ananiambia kila kitu. Hujalala nje ya nyumba yake ila ndani ya lori."

Gašper alikuwa anatafuta ndege kwenye ukungu, kwa bidii. Nikasikia masikio yangu yanawaka. Miaka yote hiyo! Anakaa chumba cha nyuma, ananisikiliza nikisimulia wageni juu ya mbingu iliyotakata, na hasemi neno.

"Kama ulijua," nikasema, "kwa nini ukaniambia nikulete?"

"Wanangu wameupanda mlima huu. Waongozaji wameupanda. Huyu Gašper kaupanda mpaka kauchoka. Wote wanaujua, wote walisema hapana. Wewe hujui kitu, unaogopa hata ngazi ya darini, nikakuomba na mdomo umejaa ugali ukasema ndiyo." Akaizungusha kamba mkononi. "Geuka, mwanangu."

Miaka thelathini na mbili ameniita dereva. Nikageuka.

Ana mkono, yule mama. Wakamuaji wana mikono.

Tulishuka taratibu. Mchana tukawa tumetoka kwenye ukungu, na Mama akafika kwake akitokea juu, kama alivyotaka. Kibanda kimefungwa, ng'ombe hawapo. Akaupapasa mlango mpaka akapata kitasa, akakaa kizingitini, akavua viatu. Akainua uso kuelekea pale mlima unapokuwa, na safari hii hakuugeuza pembeni.

Septemba 29

Tumefika nyumbani. Majda alitukumbatia wote watatu kwa pamoja, Gašper akabanwa katikati. Sikai vizuri kwenye kiti.

Septemba 30

Theluji juu, mvua chini. Vibanda vimefungwa.

Jioni nilikwenda baa. Gašper alikuwepo na wale wote. Akaniita kwa sauti: "Bahati! Waambie hawa, mlango wa mnara unatazama wapi?" Nikawaambia. Akaitikia kwa kichwa, akasukuma glasi kuelekea kwangu; siri yangu hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nikanywa nimesimama, makalio bado yanauma.

Majda, najua unasoma daftari hili, kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza. Ukurasa wa kwanza nimesema nimepanda Triglav mara saba na mara zote mbingu ilikuwa wazi. Ni uongo. Nimepanda mara moja, juzi, huku natetemeka, na kulikuwa na ukungu.